Nguva watatu wa Thailand: uanze na yupi?

Anayetaka kuingia katika fasihi ya Kithai kwa mlango wa nguva hukwama mapema. Mmoja atamwambia asome Ramakien, kisa cha vita vya Rama, mwana wa mfalme, kwa sababu humo yumo Suphannamatcha, binti wa dhahabu aliyeiba mawe ya tuta ambalo Rama alilijenga baharini. Mwingine atakataa: nguva mwenyewe ni yule wa utungo wa Phra Aphai Mani, aliyembeba mwana wa mfalme mgongoni wakikimbia zimwi la bahari. Wa tatu atamtolea picha ya sanamu ya ufukwe wa Samila, msichana wa shaba anayechana nywele, ambaye kisa chake kinakwisha kabla chai haijapoa. Wote watatu ni nguva na wote ni wa Thailand, lakini hawafanani. Ukianza na asiyekufaa, unaweza kuliacha jambo lote ukidhani halina ladha.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Kwetu jina nguva limebeba viumbe wawili: mnyama anayekula nyasi bahari, ambaye bado yuko kwa uchache kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na mwanamke wa hadithi mwenye mkia wa samaki. Wathai wamewatenganisha. Mnyama ni phayun, nao wanaye katika nyasi bahari za mkoa wa Trang. Kiumbe wa hadithi ni ngueak. Kila nikisema nguva hapa, ninamaanisha ngueak.

Vigezo vyangu

Nimewapima kwa mambo matano: wametoka wapi, wanasimama upande wa nani, mapenzi na umama wao, ugumu wa kuwasoma, na mahali wanapoonekana leo. Sikuweka kigezo cha uzuri, maana wote wamechorwa wazuri. Sikuweka cha umaarufu pia, kwa kuwa hakimsaidii mtu anayetafuta kitabu cha kushika leo jioni. Kigezo cha tatu nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, na nakiri ni kwa makusudi. Tumezoea kusimuliwa nguva kama kiumbe anayewavuta wanaume wazame. Katika vitabu hivi viwili vya Kithai, nguva ni mama kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Wametoka wapi

Suphannamatcha ni jina la asili ya Kisanskriti katika matamshi ya Kithai: suphan ni dhahabu, matcha ni samaki. Makazi yake ni Ramakien, kisa cha Rama kama Wathai wanavyokisimulia. Mji mkuu wa zamani, Ayutthaya, uliteketezwa na jeshi la Burma mwaka 1767, na maandishi mengi yakapotea na mji. Rama wa Kwanza, ambaye si Rama wa kisa bali mfalme wa kweli aliyeanzisha utawala wa Bangkok, akatoa utungo mpya wa Ramakien mwaka 1797. Jambo la kushika ni hili: kisa hicho kilitoka India, lakini katika Ramayana, utenzi wa Kisanskriti wa Valmiki, humkuti nguva huyu popote. Watu wa Kusini Mashariki mwa Asia ndio waliomtia. Wakambodia nao wanaye, na ngoma yake na Hanuman, nyani shujaa wa kisa hicho, wanaicheza hadi leo. Mimi naona hivi: watu hawa wa maji walipopokea kisa cha jeshi linalovuka bahari, hawakukubali bahari hiyo iwe tupu, isiyo na mwenyewe.

Nguva wa Phra Aphai Mani hana jina. Kwa sehemu kubwa ya kitabu anaitwa nang ngueak tu, bibi nguva. Aliyemtunga ni Sunthorn Phu, aliyeishi kati ya 1786 na 1855, mshairi wa baraza la Rama wa Pili. Mfalme huyo alipofariki mwaka 1824, Sunthorn Phu alipoteza cheo, akavaa joho la utawa na kuzunguka nchi akitunga. Kisa chake hakukirithi India. Bahari yake imejaa visiwa, manowari, wageni wa kila rangi na malkia wa Kizungu, bahari ya mtu aliyeona zama mpya zikija na meli.

Neno ngueak lenyewe ni la zamani kuliko vitabu hivi. Katika lugha za jamii ya Kitai lilikuwa jina la joka au nyoka wa majini, na upande wa Laos na kaskazini mashariki ya Thailand maana hiyo haijafa. Kwa Sunthorn Phu, ngueak ana kiwiliwili cha mtu, mkia wa samaki, na anasema lugha ya watu.

Nguva wa Samila ni wa mapokeo ya mdomo ya Songkhla, kusini mwa nchi. Sanamu yake ya shaba ilitengenezwa mwaka 1966 na msanii Jitr Buabus, na tangu hapo kisa na sanamu haviachani.

Wanasimama upande wa nani

Suphannamatcha ni askari wa baba yake. Rama anataka kuvuka kwenda Longka kumkomboa mkewe Sida, aliyetekwa na Thotsakan, mfalme wa majitu mwenye vichwa kumi. Jeshi la nyani linamwaga mawe baharini kujenga tuta. Hanuman, nyani mweupe, amegombana na mwenzake Nilaphat wakati wa kurushiana mawe, Rama amekasirika, na sasa Hanuman amepewa siku 7 tu kazi iwe imekwisha. Mawe yanatupwa, mawe yanapotea. Hanuman anapiga mbizi na kukuta samaki wanayahamisha, na mbele yao yuko binti wa dhahabu anawaelekeza. Ni binti wa Thotsakan, aliyemzaa na samaki, na anatimiza amri ya baba.

Hanuman anamfukuza, anamkamata, kisha anambembeleza. Binti anageuka. Anawaamuru samaki wake warudishe mawe yote mahali pake, tuta linasimama, jeshi linavuka kwenda kumuua baba yake. Msomaji anayemshangilia Rama atafurahi. Anayejua uzito wa neno la baba atasita, na nadhani huyo wa pili amesoma vizuri zaidi. Kitabu hakimhukumu binti, ila hakimwondolei mzigo pia.

Nguva wa Phra Aphai hana vita vyake. Anaingia katika kisa kwa sababu ya huruma ya wazazi wake. Phra Aphai Mani ni mwana wa mfalme aliyefukuzwa na baba yake kwa kosa la kusomea zumari badala ya ufundi unaomfaa mtawala. Zumari lake likilia, watu husinzia palepale. Phi Suea Samut, zimwi jike la baharini, anausikia mlio huo, anampenda, anamteka na kumficha pangoni akiwa amejigeuza mwanamke mrembo. Wanapata mtoto wa kiume, Sin Samut. Mtoto akiwa na miaka 8 anasukuma jiwe la mlangoni, anatoka kucheza baharini, na kurudi akimburuta mzee mwenye mkia wa samaki kumwonyesha baba.

Mzee huyo anaomba asamehewe maisha yake, na anaahidi kumsaidia baba na mwana kutoroka. Phra Aphai anamdanganya zimwi kwamba ndoto aliyoota ni mbaya na dawa yake ni kufunga siku 3 mlimani. Zimwi likiondoka, wanatoroka: mzee nguva, mkewe na binti yao wakiwasindikiza kuelekea kisiwa cha Ko Kaeo Phitsadan, kwenye mtawa mwenye nguvu ambaye zimwi linamwogopa. Zimwi linawafuata. Wazazi wanabaki nyuma, wanakamatwa, wanalipoteza njia kwa makusudi, na linawaua. Binti anaendelea kuogelea na mzigo wake mgongoni mpaka anafika.

Kila ninaposoma hapo najiuliza kwa nini wasimuliaji wengi wanapita haraka mpaka kisiwani. Nguva huyu amefika kisiwani akiwa yatima, na uyatima huo ameupata kwa ajili ya mgeni. Lolote linalofuata kati yake na Phra Aphai linapaswa kusomwa na hilo likiwa moyoni.

Nguva wa Samila hana upande. Usiku wa mbalamwezi anakaa mwambani akichana nywele kwa kitana cha dhahabu, mvuvi anatokea, yeye anashtuka na kujitupa majini, kitana kinabaki. Mvuvi anamngojea kwa muda mrefu. Harudi.

Mapenzi na umama

Hanuman wa Kithai si yule wa India aliyejinyima wanawake. Huyu ana wapenzi wengi, na Suphannamatcha ni mmoja wao. Anamwacha na mimba na kwenda zake vitani. Binti anajua Thotsakan akigundua hatamwacha hai, na mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Basi anamtoa mtoto kwa kumtapika, anamlaza ufukweni na kuzama. Mtoto ni Matchanu, nyani mweupe mwenye mkia wa samaki. Anaokotwa na Maiyarap, mtawala wa nchi ya chini, ambaye anamlea na baadaye kumweka mlinzi wa bwawa la kuingilia kwake.

Siku Maiyarap anapomwiba Rama akiwa usingizini, Hanuman anashuka chini kumtafuta na kukuta nyani mdogo amemzibia njia. Wanapigana, hakuna anayeshinda. Hanuman anamuuliza ni mwana wa nani. Kijana anajibu: mama yangu Suphannamatcha, baba yangu Hanuman. Hamwamini huyu anayedai kuwa ndiye baba, mpaka Hanuman apae na kupiga miayo inayotoa nyota na mwezi, alama ambayo mama alimwachia mtoto ya kumtambulia baba. Mama mwenyewe hayupo pale. Yupo katika alama ile tu, na kwangu hicho ndicho kipande chenye nguvu kuliko vyote vyake: mwanamke aliyemwacha mtoto mchangani alihakikisha kwanza kwamba mtoto anajua ametoka wapi.

Nguva wa Phra Aphai mwanzoni anamkatalia mwana wa mfalme. Anamwambia wao si jinsi moja, mmoja wa nchi kavu na mmoja wa maji. Baadaye wanakuwa pamoja. Kisha meli ya Suwanmali, binti wa mfalme, inatia nanga kisiwani, na Phra Aphai anapanda na kuondoka. Nguva anabaki na mimba. Mtoto, Sutsakhon, anazaliwa ufukweni, na kwa kuwa mama hawezi kuishi juu wala mtoto hawezi kuishi chini, analelewa na yule mzee mtawa, mama akiwa karibu majini. Akiwa na miaka 3 tu, Sutsakhon anampanda farasi mwenye damu ya joka na kwenda kumtafuta baba. Wosia wa mtawa kwake, baada ya mtoto kusukumwa korongoni na mzee tapeli, Wathai wengi wanaujua kwa moyo: usimwamini binadamu, kwa kuwa hata mtambaazi unaojisokota mtini haukupinda kama moyo wake.

Visa vya nguva hawa wawili vinaishia kwenye kukata mkia, na mkato huo ndio unaovitofautisha. Katika Ramakien anayekatwa mkia wa samaki ni Matchanu, mtoto. Rama anamkatia na kumpa mji wa kutawala. Mama anabaki majini, na kisa hakimrudii. Katika Phra Aphai Mani anayekatwa ni mama. Indra, mfalme wa mbinguni, anashuka na kumkatia mkia, anapata miguu, na anaishi nchi kavu kwa heshima ya mama wa mfalme.

Kwa Samila hakuna mtoto, hakuna kukatwa mkia. Kuna kitana.

Ugumu wa kuwasoma

Sehemu ya Suphannamatcha katika Ramakien ni fupi, ila haisimami peke yake. Lazima uwajue Rama, Sida, Thotsakan na Hanuman, la sivyo hutaelewa kwa nini kurudisha mawe ni jambo zito. Uzuri ni kwamba ukishaujua mkondo wa vita, kisa chake unaweza kukisoma kwa kikao kimoja, na cha Matchanu kwa kikao cha pili.

Phra Aphai Mani ni mrefu mno, mistari kwa makumi elfu, lakini nguva anaingia mapema, hivyo huhitaji kuogopa unene. Utungo wake ni klon paet, yaani klon ya nane: kila kipande kina silabi nane au karibu yake, vina vinaruka kutoka kipande hadi kipande, na kina cha mwisho wa ubeti kinashikwa tena katika ubeti unaofuata. Aliyelelewa na utenzi atatabasamu hapa. Mizani nane kwa kipande, kina kinachofunga ubeti kwa ubeti, kazi iliyokusudiwa sikio: tumekutana. Ukimpata Mthai akughanie beti chache, msikilize hata kama huelewi neno. Kwa wasiojua Kithai, upo muhtasari wa nathari kwa Kiingereza uliochapishwa mwaka 1952 na Prem Chaya, unaosomeka kwa urahisi.

Tahadhari kwa wazazi na walimu. Vitabu vyote viwili vina mapenzi yanayoanza kwa mwanamume kulazimisha, na Hanuman amezidi. Mtoto mdogo msimulie kwa kuchuja. Kijana wa sekondari msomeshe kama kilivyo na mzungumze. Samila haina shida hiyo.

Mahali wanapoonekana leo

Suphannamatcha ana bahati ya kuchorwa. Kuta za ubaraza wa hekalu la Wat Phra Kaew, Bangkok, zina michoro 178 ya Ramakien, na bahari ya tuta la mawe imo. Yumo pia katika khon, ngoma ya vinyago ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2018. Kumtazama Hanuman akimwinda jukwaani ni kusoma kwa macho: yeye anateleza, nyani anaruka, na hakuna aliyesema neno kwa kinywa chake, maana maneno yote yanaghaniwa pembeni.

Nguva wa Phra Aphai ana sanamu kisiwani Ko Samet, ambako watu wanasema ndiko Ko Kaeo Phitsadan, na nyingine Klaeng, mkoani Rayong, kwao baba yake mshairi, kwenye mnara wa kumbukumbu wa Sunthorn Phu. Siku ya mshairi huyo huadhimishwa kila 26 Juni. Mwanawe Sutsakhon ndiye aliyechukuliwa kwa filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Thailand, mwaka 1979. Wa Samila yuko palepale mwambani, na huhitaji tiketi.

Nani aanze na nani

Kama muda wako ni mdogo na unataka kuonja tu, au una watoto wa chekechea wanaosubiri hadithi ya kulala, chukua Samila. Usitegemee ikufundishe mengi kuhusu fasihi ya Kithai, ila itakufungulia hamu.

Kama umeshasoma au kutazama Ramayana ya India, nenda moja kwa moja kwa Suphannamatcha. Utaona kwa haraka Wathai walibadili nini na kwa nini, na Hanuman atakushangaza. Huyu pia ndiye wa mtu wa ngoma, uchoraji na jukwaa, na wa msomaji anayependa swali gumu la utii: baba au moyo.

Kama wewe ni mtu wa ushairi, hasa wa tenzi, au unapenda safari ndefu za bahari, visiwa na mazimwi, anza na Phra Aphai Mani. Soma mpaka Sutsakhon anapoondoka kisiwani, kisha pumzika; ukiona unamkumbuka nguva siku ya pili, endelea.

Mwalimu mwenye darasa la sekondari na vipindi viwili tu, ningemshauri aweke kisa cha mawe kipindi cha kwanza na kisa cha kisiwa kipindi cha pili, kisha awaulize wanafunzi nani alipoteza zaidi. Watagawanyika, na mjadala utajiendesha.

Msafiri atakayepita Bangkok kwa siku mbili asome Suphannamatcha kabla ya kupanda ndege. Atakayekwenda Rayong na Ko Samet abebe Phra Aphai Mani. Wa kusini kabisa, Songkhla, ameshajua.

Na kuna msomaji mmoja ninayemfikiria tangu nilipoanza kuandika: mama aliyemwacha mwanawe kwa bibi yake akaenda Muscat au Dubai kutafuta riziki. Wewe usianze na Suphannamatcha, angalau si usiku ukiwa peke yako. Anza na nguva asiye na jina. Kule mtoto anakua, na mama anapanda nchi kavu.